Damu Kwenye Mswaki Si Habari ya Kinywa Peke Yake

Jino ni kitu cha pekee katika umbo la mwanadamu. Mzizi wake umeshikwa na mfupa wa taya, lakini kichwa chake kiko nje, kinapitiwa na mate, chakula na hewa. Hakuna kiungo kingine kigumu kinachoanzia mfupani, kikatoboa ngozi laini na kubaki hivyo, nusu ndani nusu nje, kwa miaka mingi bila mwili kuugua. Kinachozuia maradhi ni ukanda mwembamba wa ufizi, wa milimita mbili hivi, uliojigandisha kwenye shingo ya jino kama muhuri. Nje ya muhuri huo wamo mabilioni ya bakteria. Ndani yake mna mishipa ya damu inayofika moyoni, kwenye mapafu, ini na ubongo. Sehemu kubwa ya mjadala kuhusu kinywa na afya ya mwili mzima, ukiuchuja, inahusu hali ya muhuri huo.

Ndiyo maana inasikitisha kuona afya ya kinywa ikifundishwa kama vita. Dawa ya kusukutua inauzwa kwa sifa ya kuua asilimia 99 ya vijidudu, na mnunuzi anaachwa aamini kwamba kinywa safi ni kinywa kitupu. Tumezoea kusema kikulacho ki nguoni mwako, na ni rahisi kuwatazama wakazi wa kinywa kwa jicho hilo. Wengi wao hawatuli kitu, wanatulinda. Yafaa tuulize ni wepi wanaoshiba, wanashiba kwa chakula gani, na nani kati yao ameachiwa mlango wazi.

Antonie van Leeuwenhoek wa Delft aliwaona mwaka 1683, alipokwangua utando mweupe ulioganda kati ya meno yake, akauchanganya na maji na kuutazama kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe. Leo zaidi ya spishi 700 za bakteria zimeorodheshwa kutoka vinywa vya watu, achilia mbali kuvu na virusi, na kila mtu hubeba sehemu tu ya orodha hiyo. Mililita moja ya mate ina bakteria wapatao milioni 100. Tezi za mate hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na karibu yote tunayameza. Wakazi hawa hawakutawanyika ovyo. Wa shavuni si wale wa ulimini, na wa juu ya ufizi si wale wa chini yake, ambako oksijeni ni haba.

Kazi yao ya kwanza ni kukalia nafasi. Baadhi ya bakteria wa aina ya *Streptococcus* wasio na madhara hutoa kemikali inayowadhoofisha majirani wakorofi. Wengine huvunja viini fulani vya protini vilivyomo katika mate na kutoa amonia, ambayo hupunguza asidi. Mgonjwa anapomeza antibiotiki kwa muda mrefu, kuvu aina ya *Candida*, aliyekuwepo siku zote kwa uchache, huenea na kuweka utando mweupe ulimini kwa sababu waliomzuia wameondolewa.

Kazi ya pili haifahamiki sana, na inastahili kuelezwa polepole. Mboga za majani zina nitrati. Tukishazila, nitrati huingia damuni, na kiasi cha robo yake hukusanywa na tezi za mate na kurudishwa kinywani. Mwili wa binadamu peke yake hauwezi kuigeuza nitrati hiyo kuwa nitriti kwa kiwango cha maana. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wanaoishi katika mikunjo ya nyuma ya ulimi. Nitriti ikimezwa hugeuka kuwa naitriki oksidi, gesi inayolegeza kuta za mishipa ya damu na kushusha shinikizo. Ua bakteria hao, nawe umekata mnyororo katikati. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, watu 19 wenye afya njema walisukutua kwa klorheksidini, dawa kali ya kuua vijidudu, kwa siku 7, na shinikizo lao la damu likapanda kwa milimita 2 hadi 3.5 za zebaki. Ni ongezeko dogo kwa mtu mmoja mwenye afya. Ila linatosha kumfanya mtu anayesukutua kwa dawa kali kila siku, bila kuandikiwa na daktari, ajiulize anapigana na nani.

Sasa tuangalie mambo yanavyoharibika. Meno kuoza na fizi kuugua ni matatizo mawili yenye njia tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakofanya ushauri mwingi usieleweke.

Meno huoza kwa sababu ya sukari na muda. Bakteria kama *Streptococcus mutans* hula sukari na kutoa asidi. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikiwa chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Baada ya kunywa kitu chenye sukari, asidi hupanda ndani ya dakika chache, na mate huhitaji nusu saa hadi saa nzima kuirudisha chini na kuanza kurudisha madini kwenye jino. Hapo ndipo hesabu ilipo. Anayekunywa chupa ya soda kwa mkupuo mmoja wakati wa mlo anayapa meno yake shambulio moja. Anayeinywa kidogo kidogo mchana kutwa anayaweka ndani ya asidi mchana kutwa, ingawa sukari ni ileile. Kibaya zaidi, asidi hiyo huchagua wakazi: wanaoistahimili huongezeka na wasioiweza hupungua. Kwa hiyo mazoea ya kunywa na kula vitamu kidogo kidogo hubadilisha jamii nzima ya kinywani ielekee kwenye uozo. *S. mutans* hahitaji kuagizwa kutoka nje, anahitaji kulishwa tu.

Fizi huugua kwa sababu ya ukoga ulioachwa ukomae. Dakika chache baada ya kupiga mswaki, utando mwembamba wa protini za mate huwa umeshatanda juu ya jino. Bakteria wa kwanza hujishika hapo ndani ya saa chache. Kadiri siku zinavyopita ukoga unanenepa, oksijeni inaadimika chini yake, na *Fusobacterium nucleatum*, bakteria mrefu mwenye uwezo wa kujiunganisha na wa aina nyingi, huwa daraja la kuwakaribisha wachelewaji wasiopenda hewa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporudia mswaki, uvimbe ulitoweka katika muda wa wiki moja hivi. Karibu kila ushauri tunaoutoa leo umesimama juu ya jaribio hilo dogo.

Uvimbe ukiachwa, kwa watu wengi muhuri huanza kushuka chini ya jino na mfuko hufunguka kati ya jino na ufizi. Daktari huupima kwa kijiti chembamba chenye alama: milimita 1 hadi 3 ni kawaida, 4 na kuendelea ni mfuko, 6 na zaidi ni hali nzito. Mle ndani hustawi *Porphyromonas gingivalis*, ambaye hata akiwa wachache huweza kuvuruga kinga ya mahali pale ili jamii yote ineemeke kwa uvimbe. Mwili hujibu kwa kupeleka chembe nyeupe za damu, na katika mapambano hayo mfupa wenyewe unayeyuka. Mfupa huo haurudi kwa mswaki. Na jambo hili lote laweza kutokea bila maumivu. Mvutaji wa sigara hupotezwa maradufu, maana moshi hupunguza kuvuja damu kwenye fizi. Akaona mswaki mweupe akadhani mambo ni shwari, kumbe mfupa unaisha.

Kutoka kwenye mfuko huo, madhara yana njia tatu za kufika mbali. Bakteria wanaweza kuingia damuni wakati wa kutafuna au kupiga mswaki. Kemikali za uvimbe zinaweza kuvuja na kuuchokoza mwili mzima kila siku. Tena, mate yenye bakteria yanaweza kuvutwa kuingia mapafuni au kumezwa hadi utumboni. Utasikia ikisemwa kwamba kidonda cha fizi zilizougua ni sawa na upana wa kiganja. Makadirio ya makini zaidi, yaliyotolewa mwaka 2001, yanasema ni sentimita mraba 8 hadi 20 kwa wagonjwa walio wengi. Bado ni kidonda ambacho mtu angekihangaikia sana kama kingekuwa mguuni.

Naliweka sahihisho hilo kwa makusudi, kwa sababu fani hii imewahi kulipa gharama kubwa ya kutia chumvi. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akilaumu usaha wa kinywani kwa orodha ndefu ya maradhi. Hoja yake ilikuwa na chembe ya ukweli. Ilipopokelewa bila kipimo, madaktari waling'oa meno ya watu kwa maelfu, mengi yakiwa mazima, wakitumaini kutibu viungo, akili na figo. Wagonjwa hawakupona, na kufikia katikati ya karne ile nadharia ikaachwa. Pamoja nayo ukaachwa, kwa miongo mingi, hata ule ukweli uliokuwemo. Hatuna ruhusa ya kurudia kosa hilo, kwa hiyo kila uhusiano upimwe kwa mizani yake.

Uhusiano wenye ushahidi mzito zaidi, nionavyo, ni wa kisukari. Unakwenda pande mbili. Sukari nyingi damuni hudhoofisha kinga na uponaji, fizi zikaugua haraka. Nazo kemikali za uvimbe kutoka kwenye fizi huifanya insulini isisikike vizuri na chembe za mwili. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, yaliyojumlisha majaribio 35, yaliona kwamba kutibu fizi kulishusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari, kwa pointi 0.43 za asilimia baada ya miezi 3 hadi 4. Idadi hiyo si ndogo kwa anayejua kwamba baadhi ya vidonge vya kisukari vya nyongeza hushusha kiasi kinachokaribiana na hicho. Jaribio moja kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2013 halikuona nafuu yoyote. Lakini katika jaribio hilo fizi za wagonjwa wengi ziliendelea kutoka damu baada ya tiba. Uvimbe usiposhuka kinywani, hakuna sababu ya kutarajia sukari ishuke.

Kwa mapafu, ushahidi ni mzito kwa wanaougua sana. Mgonjwa aliyelazwa na kuwekewa mashine ya kupumua hawezi kumeza vyema. Mate yenye bakteria huteleza kandokando ya mrija. Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwishoni mwa 2023 ulionyesha kuwa kupigwa mswaki kila siku kulipunguza nimonia ya hospitalini kwa takriban theluthi, hasa kwa wagonjwa hao wa mashine. Mswaki wa kawaida ndio uliofanya kazi hiyo. Klorheksidini, ambayo kwa miaka mingi ilipakwa vinywani mwa wagonjwa hawa kama desturi, haipendekezwi tena na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 kwa kuzuia nimonia ya mashine, kwa hofu kwamba huenda ikaongeza vifo. Somo la kuua dhidi ya kusafisha halijawahi kuandikwa waziwazi kuliko hapo.

Kwa moyo, mambo mawili yatenganishwe. Maambukizi ya vali za moyo yanayosababishwa na bakteria wa kinywani ni jambo lililothibitika. Hata hivyo tangu 2007 chama cha moyo cha Marekani, American Heart Association, kinataka antibiotiki ya kinga kabla ya kung'oa jino itolewe kwa walio katika hatari kubwa pekee, kama wenye vali bandia au waliowahi kuugua maambukizi hayo: gramu 2 za amoksilini kwa mtu mzima asiye na mzio nayo, dakika 30 hadi 60 kabla. Sababu yake ni nzuri: kutafuna na mswaki wa kila siku kwenye fizi mbovu huingiza bakteria damuni mara nyingi kuliko jino moja linalong'olewa. Ama kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi, wenye ugonjwa wa fizi huvipata zaidi, ila wengi wao pia huvuta sigara na wana kisukari. Mwaka 2007 watu 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi walifuatiliwa: saa 24 baadaye mishipa ya damu ya waliopata tiba ya kina ilifanya kazi vibaya zaidi, na baada ya miezi 6 ilifanya kazi vizuri kuliko ya wale waliopata tiba ya kawaida. Mishipa ilinufaika; lakini kwamba mishtuko ya moyo hupungua, hilo halijathibitishwa na jaribio.

Kwa wajawazito matumaini yalikuwa makubwa, na jaribio la wanawake 823 la mwaka 2006 likaonyesha kwamba kutibu fizi katikati ya ujauzito hakukupunguza kuzaa kabla ya wakati. Lilionyesha pia kwamba tiba hiyo ni salama kwa mama na mtoto, na taarifa hiyo ya pili ndiyo inayopaswa kumfikia mjamzito anayeogopa kiti cha daktari. Kuhusu ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu, ripoti ya 2019 iliyokuta dalili za *P. gingivalis* kwenye ubongo ilivuma kote. Dawa iliyobuniwa kuvizuia vimeng'enya vya bakteria huyo ikashindwa kufikia malengo yake makuu katika jaribio la mwaka 2021. *F. nucleatum* amekutwa ndani ya saratani ya utumbo mpana tangu tafiti za 2011 na 2012, na anafuatiliwa kwa bidii. Anayekuuzia dawa ya meno kwa kutaja saratani au kupoteza kumbukumbu anakimbia mbele ya ushahidi.

Basi mtu afanye nini nyumbani? Ulaze mswaki laini kwa pembe ya nyuzi 45 kwenye mpaka wa jino na ufizi, nusu ya nywele zikigusa ufizi, kisha uutikise kwa miendo mifupi, meno mawili matatu kwa zamu. Kusugua kwa nguvu kwenda kulia na kushoto hula shingo ya jino na kusukuma ufizi juu. Chukua dakika mbili, mara mbili kwa siku. Mara ya usiku haina mbadala, kwa kuwa usingizini mate hukauka na ulinzi wake hupungua. Tazama hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu: hapo ndipo mirija ya mate inapofungukia, kalsiamu ni nyingi, na ukoga hugeuka jiwe upesi. Ukishakuwa jiwe hautoki kwa mswaki, na kuuchokoa kwa pini kunaumiza ufizi tu; ni kazi ya vifaa vya daktari.

Dawa ya meno iwe na floridi kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni), kipimo kinachoandikwa kwenye kifungashio. Mtoto chini ya miaka 3 atumie kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Tema povu na usisukutue kwa maji, maana unaosha floridi uliyoilipia. Mswaki haufiki kati ya meno, na fizi nyingi huanza kuugua hapo. Penye nafasi, kibrashi kidogo kinachopita kwa kubana kidogo bila kulazimishwa ni bora kuliko uzi. Pasipo na nafasi, tumia uzi.

Siku za kwanza patatoka damu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona damu, wanaogopa, wanaacha kugusa mahali hapo, na ukoga unakomaa. Endelea kwa upole. Fizi zilizovimba tu hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Zikiendelea kutoka damu baada ya hapo, nenda ukapimwe mifuko kwa kile kijiti. Kutazamwa kwa macho peke yake hakutoshi, nawe una haki ya kutajiwa milimita zako. Vipimo vya mate vinavyouzwa vikiahidi kukuorodheshea bakteria wako havijafika mahali pa kubadilisha tiba. Kijiti cha chuma chenye alama kinasema zaidi.

Klorheksidini ina mahali pake, kwa mfano baada ya upasuaji wa kinywa ambapo mswaki haugusi, kwa wiki mbili hivi na kwa maelekezo. Iachanishwe na dawa ya meno kwa nusu saa, kwa sababu povu huipunguzia nguvu. Meno ya bandia yavuliwe usiku na yasuguliwe kwa sabuni na brashi. Na anayetumia dawa za shinikizo, mzio au sonona kinywa kikamkauka amwambie daktari, kwa kuwa bila mate jamii yote ya kinywani hubadilika hata kama mswaki haujakosekana.

Kinachobaki kiko mikononi mwa wanaoendesha kliniki. Mwenye kisukari hupimwa macho na miguu, na hilo ni sahihi, lakini mara chache huulizwa kama fizi zake hutoka damu au kama meno yamelegea. Upande wa pili, mgonjwa hukaa kwenye kiti cha meno na mifuko ya milimita 7 pasipo yeyote kumpima sukari. Baada ya kusafishwa kwa kina, mifuko hupimwa tena ikipita miezi 3 hivi. HbA1c nayo husoma miezi 3 iliyopita. Vipimo hivi viwili vinaweza kuandikwa kwenye kadi moja, kwa tarehe moja.